Mashahidi Wawili kwa Bi Roswitha

Benchi la barabara ya Flözweg limeegemea ubavu wa kibanda cha Nurcan, likitazamana na nyumba namba kumi na sita, na anayekaa hapo hana haja ya gazeti. Habari zote za mji wa Herne upande huu wa reli hupita mbele ya pua yake. Kila asubuhi kuanzia saa mbili wazee watatu hulikalia, kila mmoja na kikombe cha kahawa ya Nurcan, kahawa wanayoisema vibaya tangu mwaka aliofungua kibanda na ambayo hawajaikosa hata siku moja. Katikati hukaa Horst, wanayemwita Jaji, kwa sababu miaka thelathini iliyopita aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo huizungumza sheria utadhani aliitunga yeye. Kulia kwake ni Manni, jina la kijiweni Filamu, anayewajua mapolisi wote wa kwenye televisheni kwa majina na hajawahi kuzungumza na wa kweli hata mmoja. Kushoto, karibu na pipa la taka, hukaa Ewald Grabowski. Yeye wanamwita Karibuni, na jina hilo halipendi. Wote watatu walichimba makaa mpaka mgodi ulipofungwa, wote watatu wanafuga njiwa wa mashindano, na kwa hiyo hakuna jambo duniani wasilolijua.

Jumanne hiyo, saa tatu kasorobo, magari mawili ya polisi yalisimama mbele ya namba kumi na sita. Wakashuka watu wanne, wawili kati yao wamebeba vikapu vya kusafirishia njiwa. Ghorofa ya juu ya nyumba hiyo, pamoja na banda la njiwa lililoko darini, ni ya Bi Roswitha Czerwinski, mjane wa miaka sabini na mmoja, ambaye tangu mumewe afariki amekuwa akiwashinda wazee wa benchi kila msimu, nao wakisema ni upepo tu. Kijiwe kizima kilijua walichofuata polisi. Mwezi wa nne mwenyekiti wa chama chao cha njiwa, Volkmar Stratmann, aliibiwa jike mmoja wa buluu. Mwezi wa tano jike wa buluu wa Bi Roswitha akamshinda Stratmann kwa dakika sita. Mwenyekiti alijumlisha mambo hayo mawili na kwenda kushtaki kwamba njiwa wake amebadilishwa pete ya namba iliyo mguuni.

Bi Roswitha alitoka mwenyewe mpaka mlangoni, aproni kiunoni, miwani ikining'inia kifuani, akauvuta mlango nyuma yake ukabaki wazi kidogo tu. Hakupiga kelele, hakulia, hakumkaribisha mtu. Aliomba kitambulisho cha kiongozi wao, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, akaliandika jina lake nyuma ya jani la kalenda. Kisha akaomba hati ya upekuzi, akavaa miwani, akaisoma pale pale kizingitini kuanzia juu mpaka chini, akaigeuza akasoma na mgongo wake. Mapolisi wanne walimngoja kama wanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Barabara ni nyembamba, na pale kwenye benchi kila neno lilisikika.

— Imesainiwa na hakimu, tarehe ya wiki iliyopita, akasema. Kwa hiyo mtaingia na sitawazuia. Lakini siwapi kitu kwa hiari yangu, na hilo uliandike.

— Mama, ukitukabidhi tu hao majike wa buluu, nusu saa tumeshaondoka.

— Mimi sina haraka. Hakimu yuko hapa?

— Hayupo.

— Mwendesha mashtaka?

— Naye hayupo.

— Basi nataka wakazi wawili wa mji huu wasimame wakiona. Sheria ndivyo inavyosema, na wewe unajua kwamba najua.

Kijana wa ndevu nyekundu alikuna shingo. Alikubali kwamba sheria inasema hivyo, ila inasema pia iwapo inawezekana, na saa hizi atawatoa wapi watu wawili? Bi Roswitha akavua miwani na kuielekeza ng'ambo ya barabara, moja kwa moja kwenye benchi.

— Nahitaji wawili, akasema, safari hii kwa sauti ya kuwafikia. Ni kusimama na kuangalia na kuandika namba za pete, basi. Ninao majike wa buluu kumi na mmoja. Wakitoka kumi na mmoja, nataka warudi hao hao kumi na mmoja.

Polisi akatazama saa yake, akasema atasubiri robo saa. Wakasimama ukumbini pamoja na mama mwenye nyumba, mlango wazi. Kwenye benchi vichwa vitatu viliinama juu ya vikombe vitatu.

Ewald alikuwa na kahawa mdomoni na alisahau kuimeza. Miaka minne iliyopita polisi hao hao, au wengine kama wao, walikuja kwake wakitafuta dawa za kuwaongezea njiwa mbio. Hawakuwa na hati, au labda walikuwa nayo, yeye hakuuliza. Alifungua mlango akasema karibuni, akawawekea kahawa, akawakatia keki, na vikapu vya njiwa akavishusha ngazini mwenyewe asiwachoshe wageni. Kuna karatasi aliisaini bila kuisoma. Njiwa tisa walitoka. Miezi saba baadaye walirudi saba, na mmoja wa hao saba hakuwa wake. Alipokwenda kulalamika waliomba orodha, na orodha hakuwa nayo. Dawa hazikuonekana, lakini jina la Karibuni lilibaki, na aliyelianzisha ni Jaji.

Filamu ndiye aliyeanza. Alisema yule mama ni jembe, ameona filamu nyingi na hajawahi kuona mtu anamsimamisha polisi kizingitini kwa miwani tu. Jaji alisema kweli, ana moyo, ila amefanya kosa moja: alitakiwa amwache agonge mara tatu, maana polisi akigonga mara tatu bila kufunguliwa hurudi kituoni kuandika upya.

— Hizo za wapi? akauliza Nurcan kutoka dirishani kwake, akipanga mikate ya nyama ya kusaga.

— Ni sheria ya zamani.

— Walipokuja kwa Ewald waligonga mara ngapi?

Jaji akasema kesi ya Karibuni ilikuwa tofauti, Karibuni alifungua kabla hawajagonga. Filamu akacheka mpaka akamwaga kahawa. Ewald hakucheka.

Nurcan alisema yeye angeshaenda zamani. Alikuwa ameshamuuliza Bi Roswitha kutoka dirishani kama anafaa, akaambiwa hafai, kwa kuwa nyumba yake iko Bochum, mji wa jirani, na wanatakiwa watu wa mji huu huu. Alilisema hilo huku akiwatazama wazee mmoja mmoja. Filamu akaona ni wakati mzuri wa kuongeza sukari.

Dakika zikaenda, na mjadala nao ukanoga. Filamu alishikilia kwamba ukitamka neno wakili mapolisi wote huganda walipo, hata kama mmoja ameshanyanyua mguu. Jaji akamkosoa: hawagandi, ila wanatakiwa kuvua viatu, hasa kama sakafu imepigwa deki asubuhi hiyo, na Bi Roswitha hupiga deki kila Jumanne. Filamu akajibu kwamba viatu si kitu, jambo kubwa ni mayai. Jike aliyelalia mayai hachukuliwi, ana haki sawa na mama anayenyonyesha.

— Nani kakwambia?

— Jambo liko wazi, Jaji. Utamtoaje mzazi kitandani?

— Hapo nakuunga mkono. Lakini ninyi nyote mmesahau kubwa kuliko yote.

— Lipi?

— Sheria ya migodi.

Jaji alikaa sawa, akaweka kikombe chini, na hiyo kwake ni dalili ya hotuba. Alieleza kwamba nyumba zote za Flözweg zilijengwa na mgodi kwa ajili ya wachimbaji, kwa hiyo kila kilicho chini ya usawa wa barabara kiko chini ya ofisi ya migodi mpaka leo. Polisi anayetaka kushuka kwenye stoo ya chini lazima awe na kibali cha ofisi hiyo, kofia ngumu, na taa inayowaka.

— Njiwa wako darini, Jaji, akasema Filamu.

— Hata dari. Kina cha shimo huhesabiwa kuanzia juu ya mnara wa mgodi. Na mnara wetu ulikuwa mrefu kuliko nyumba ile?

— Mrefu mara tano.

— Basi Bi Roswitha kisheria anaishi ndani ya shimo.

Filamu akavua kofia kwa heshima. Alisema laiti yule mama angalijua hilo, polisi wangekuwa barabarani mpaka Krismasi. Jaji alisema huenda anajua, mwanamke yule anajua mengi, tazama alivyouliza habari ya hakimu, nani mwingine mtaa huu angeuliza? Wakamsifu kwa zamu. Walimsifu kwa kuigeuza hati akasoma mgongo, kwa kuandika jina la polisi kwenye kalenda, na kwa ile sauti yake tulivu. Walisema mtaa unajivunia mtu kama yule. Sifa zote hizo walizitoa wakiwa wamekaa.

Na si kwamba zilikuwa za uongo. Ewald alijua kuwa ni za kweli na ndiyo maana zilimchoma. Alikuwa akimtazama Bi Roswitha kupitia mlango ulio wazi, amesimama chini ya ngazi, mikono ameikunja juu ya aproni, haombi tena, hatazami tena upande wa benchi. Alimwonea fahari kuliko alivyowahi kumwonea fahari mtu yeyote juu ya ardhi. Mama yule alikuwa amefanya lile ambalo yeye Ewald alishindwa kufanya, na alilifanya peke yake. Dakika tano zilikuwa zimebaki.

— Kwani ni lazima wawe wawili? Ewald akauliza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi hiyo.

— Wawili, akasema Jaji. Mmoja hahesabiwi.

— Basi twende, mimi na wewe.

Jaji akalishika goti lake la kushoto, lile lililobaki chini mgodini kwa saa kumi na moja mwaka wa themanini na tatu, na kusema ngazi za namba kumi na sita anazijua, ni kali. Zaidi ya hapo, mtu mwenye elimu ya sheria akisimama kama shahidi wa kawaida huharibu kesi. Ewald akamgeukia Filamu. Filamu alikuwa na supu jikoni. Mwanzo alisema supu ya dengu, baadaye akasema ya njegere.

Kisha Jaji akasema lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka. Alilisema kwa sauti ya chini, bila ubishi wowote, na hapo ndipo Ewald alipojua kuwa mwenzake anaogopa kweli.

— Stratmann atalisoma jina. Majina ya mashahidi huandikwa. Jumamosi lori la chama linapakia njiwa kwenda kurushwa Ufaransa, na nani anapanga nani apakie?

— Stratmann.

— Basi. Mimi nina njiwa wanne wazuri mwaka huu, Ewald. Huenda ndio wa mwisho kuwa nao.

Hakumwita Karibuni. Ewald alikuwa na watano wazuri, na kwa miaka minne, tangu banda lake lipungue, hakuwa amewahi kuwa na watano. Alifikiria Jumamosi bila lori. Alijifikiria amekaa hapa kwenye benchi, anatazama angani wakati njiwa wa wenzake wanarudi nyumbani. Aliogopa, tena sana.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke wa namba tisa kununua maziwa. Walikuwa wamemwona mara mbili tatu tangu ahamie, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, anatoka Cottbus, mbali huko mashariki, jina lake Ilka Noack. Amehamia huku ili awe karibu na binti yake. Kijiwe kilikuwa bado hakijampa jina. Aliona magari, akaona mlango wazi, akamuuliza Nurcan kuna nini. Nurcan alimweleza yote kwa sentensi tatu, bila mgodi, bila mayai, bila viatu.

Mwanamke huyo alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama wiki moja inatosha, kwa maana alijiandikisha manispaa kuwa mkazi Jumanne iliyopita na karatasi anayo kwenye mkoba. Nurcan alisema kwa kadiri anavyojua inatosha. Basi akaomba maziwa yake yawekwe kwenye friji, akafunga koti, akawageukia wazee watatu.

— Mimi ni mmoja, akasema. Wa pili ni nani?

 Aliwatazama, vikombe vyao, kofia zao, benchi lao lililochakaa kwa kukaliwa. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

— Samahani, nilidhani ninyi ni wa hapa. Ninyi hamkai mji huu?

Jaji, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, alifungua mdomo. Filamu alitazama viatu vyake. Miaka mia mbili na zaidi ya Herne ilikuwa imekaa kwenye benchi lile, ukijumlisha ya wote watatu, na haikupatikana sauti ya kusema tunakaa.

Ewald alisimama. Hakusimama kama shujaa. Alisimama kwa kushika pipa la taka, kwa kuwa magoti yake nayo si mazuri, na kikombe akakiacha kitini alipokuwa amekaa. Jaji akamshika mkono wa koti.

— Unajua utasema nini huko juu?

— Sijui kitu. Nitaandika namba.

— Na Jumamosi?

Ewald akautoa mkono ule taratibu, bila hasira, maana alimpenda Horst na bado anampenda. Akavuka barabara nyuma ya yule mwanamke. Dereva wa gari la mikate alimpigia honi kwa kuwa hakutazama kulia wala kushoto.

Bi Roswitha aliwaona wakiingia. Alimshukuru mgeni na kumpa mkono, akamuuliza jina, akaliandika kwenye kalenda. Kisha akamgeukia Ewald, na Ewald akatamani aulizwe kitu chochote isipokuwa kile kilichokuwa machoni pake.

— Umechelewa, akasema.

— Najua.

— Si leo tu. Siku ile nilikuwa dirishani nikikuona unavishusha vikapu. Ungeniita, ningeshuka.

— Sikujua kama naruhusiwa kumwita mtu.

Mama yule mgumu akalichana jani moja la kalenda na kumpa pamoja na penseli.

— Ungeniita hata kama huruhusiwi, akasema. Haya, ngazi ya tano imelegea, angalia mguu.

Wakapanda, polisi mbele, Bi Roswitha nyuma yao, mashahidi nyuma yake. Juu, mbele ya mlango wa banda, harufu ya nafaka na manyoya ilimfikia Ewald kabla hawajafungua, na akawasikia majike wakinguruma ndani kwa sauti ile ya chini wanayoitoa wakisikia hatua za watu wasiowajua. Kijana wa ndevu nyekundu aliegemeza ubao wake wa kuandikia ukutani na kusema kwamba kabla ya kugusa njiwa hata mmoja anahitaji majina ya mashahidi na wanakoishi. Ilka Noack akataja lake. Polisi akaandika, akainua kichwa, akamtazama mzee.

— Na wewe?

Chini barabarani, kupitia kidirisha cha njiwa kilicho wazi, benchi lilionekana lote, na vichwa viwili vimeinuliwa kutazama huku juu.

— Ewald Grabowski, akasema. Flözweg, namba kumi na moja. Naishi hapa.

Akangoja mpaka likaandikwa lote.